Udaktari Australia: Namna ya Kupanga Nafasi Zenye Sharti la Utumishi na Zisizo na Sharti

Mwombaji wa masomo ya udaktari nchini Australia hutakiwa kujibu katika fomu yake swali ambalo halihusu alama za mtihani wala usaili. Swali hilo ni iwapo yuko tayari kupokea nafasi yenye sharti la kutumikia maeneo yenye upungufu wa madaktari baada ya kuhitimu, na kama yuko tayari, aiweke nafasi hiyo juu au chini ya ile isiyo na sharti. Wengi hujibu wakiwa na umri wa miaka 17 au 18, siku chache kabla ya dirisha la maombi kufungwa, na jibu hilo huwafuata hadi wanapokaribia au kuvuka umri wa miaka 40.

Suala hili linazigusa pia familia zinazozungumza Kiswahili. Katika miongo miwili iliyopita Australia imepokea familia nyingi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Burundi, Tanzania na Kenya, na baadhi yake zimewekwa makazi nje ya miji mikubwa. Mji wa Shepparton katika jimbo la Victoria ulipokea familia za Wakongo kuanzia mwaka 2005 chini ya mpango maalumu wa makazi ya wakimbizi mikoani. Watoto wa familia hizo sasa wamefikia umri wa kuomba vyuo vikuu. Makala haya yanaeleza nafasi hizo ni zipi, sheria inadai nini, na mambo gani yapimwe kabla ya kupanga machaguo.

Aina za nafasi

Australia ina vyuo vya udaktari zaidi ya 20. Mwanafunzi wa ndani, kwa maana ya raia au mkaazi wa kudumu, huomba kwanza nafasi inayogharimiwa kwa sehemu na Serikali ya Shirikisho. Katika nafasi hiyo Serikali hulipa sehemu ya ada na mwanafunzi hulipa mchango wake. Raia wa Australia na wenye viza ya kudumu ya kibinadamu wanaweza kuuahirisha mchango huo kwa mkopo wa HECS-HELP, unaorejeshwa kupitia kodi kipato kinapofikia kiwango kilichowekwa. Mkaazi wa kudumu aliyeingia kwa njia nyingine, kwa mfano viza ya ujuzi, kwa kawaida hapati mkopo huo na hulazimika kulipa mchango wake mapema katika kila muhula. Jambo hili husahaulika mara nyingi, na limewakuta wazazi wengi ghafla baada ya barua ya udahili kufika.

Nafasi hizo za ruzuku zimegawanyika katika makundi mawili. Asilimia 28.5 ya nafasi za mwaka wa kwanza zimetengwa kwa Mpango wa Madaktari Wenye Sharti la Utumishi, na zilizobaki hazina sharti lolote. Mwanafunzi wa nafasi yenye sharti husoma darasa moja na mwenzake, hufanya mitihani ileile na hupewa shahada ileile. Cheti hakionyeshi tofauti yoyote.

Liko jambo moja linalochanganya watu wengi, nalo linafaa kusemwa waziwazi: nafasi yenye sharti si ufadhili. Mwanafunzi halipwi posho, hasamehewi ada, na mkopo wake wa HECS-HELP unabaki palepale. Anachopata ni kiti cha darasani. Dhana ya kwamba Serikali inamsomesha bure ili aitumikie inatokana na mpango wa zamani wa ufadhili wa madaktari wa vijijini, ulioanza mwaka 2001, ambao kweli ulitoa fedha kila mwaka na kudai miaka sita ya utumishi vijijini. Mpango huo ulikoma kupokea wanafunzi wapya kufikia mwaka 2016.

Raia wa New Zealand wanaoishi Australia wanaweza kupata nafasi ya ruzuku isiyo na sharti, lakini hawamo katika mpango wenye sharti isipokuwa wawe na ukaazi wa kudumu au uraia wa Australia. Wanafunzi wa kimataifa hawahusiki na nafasi yoyote kati ya hizi mbili, kwani wao hulipa ada kamili.

Sharti lenyewe

Mpango unaotumika sasa ulianza tarehe 1 Januari 2020 na umewekwa ndani ya Sheria ya Bima ya Afya ya mwaka 1973. Ulichukua nafasi ya mipango miwili: ule wa ufadhili uliotajwa juu, na mpango wa nafasi zenye sharti ulioanza mwaka 2004. Katika mpango wa mwaka 2004 muda wa utumishi ulilingana na urefu wa shahada, yaani miaka minne hadi sita, kisha kwa waliojiunga kuanzia mwaka 2016 ukapunguzwa kuwa mwaka mmoja. Kwa hiyo madaktari wawili wanaofanya kazi wodi moja leo wanaweza kuwa na masharti tofauti kabisa kwa sababu tu walianza chuo miaka tofauti. Mwombaji anayetaka ushauri wa daktari aliyemtangulia aulize kwanza daktari huyo alijiunga mwaka gani.

Kwa wanaojiunga sasa, sharti ni miaka mitatu ya kazi, inayohesabiwa kama wiki 156, ambayo lazima ikamilike ndani ya miaka 18 tangu kumaliza shahada. Wiki hizo si lazima zifuatane. Daktari anaweza kuzigawa, kuzifanya kwa saa kamili au saa pungufu, au kwenda na kurudi kwa ndege kwenye kituo cha mbali kwa zamu. Kwa hesabu rahisi, anayeanza shahada ya miaka sita akiwa na umri wa miaka 18 atahitimu akiwa na 24, na atakuwa na muda hadi umri wa miaka 42. Deni lake ni sehemu moja kati ya sita za muda huo.

Mahali pa kutumikia panapimwa kwa mfumo uitwao Modified Monash, ambao unaigawa nchi nzima katika makundi saba. Kundi la 1 ni miji mikubwa kama Sydney, Melbourne, Brisbane, Perth na Adelaide. Kundi la 2 ni miji ya mikoa yenye wakazi zaidi ya 50,000 na viunga vyake vya karibu. Kundi la 3 ni miji yenye wakazi kati ya 15,000 na 50,000, la 4 ni miji yenye wakazi kati ya 5,000 na 15,000, la 5 ni miji midogo zaidi na vijiji, na la 6 na la 7 ni maeneo ya mbali na ya mbali sana, yakiwemo ya ndani ya bara na visiwa vya kaskazini.

Mfumo huu una mambo yanayowashangaza wengi. Hobart, makao makuu ya Tasmania, na Darwin, makao makuu ya Northern Territory, yako kundi la 2. Miji ya Cairns, Townsville na Toowoomba, ambayo ina hospitali kubwa, nayo iko kundi hilo. Geelong, Newcastle na Wollongong, kwa upande wake, zimo kundi la 1 ingawa wakazi wake hawajioni kuwa watu wa jiji kuu. Neno "kijijini" linapotumika katika mjadala huu, kwa hiyo, lisichukuliwe kuwa na maana ya zahanati ya peke yake jangwani. Daktari anaweza kutimiza sehemu ya sharti lake katika hospitali ya rufaa yenye idara zote, kando ya bahari.

Hata hivyo, eneo linalokubalika hutegemea pia hatua ya kazi ambayo daktari amefikia. Kwa daktari wa familia aliyekamilisha mafunzo, hutazamwa maeneo ya kipaumbele yaliyotangazwa kwa ajili ya madaktari wa familia. Kwa daktari bingwa, hutazamwa maeneo yenye upungufu wa ubingwa wake mahususi. Orodha hizi huhuishwa mara kwa mara, hivyo si busara kupanga maisha ya miaka 15 ijayo kwa kutegemea jina la mji mmoja. Kanuni za mpango hueleza pia ni kazi ipi inayofanywa kabla ya ubingwa inayohesabiwa, na kipengele hicho kisomwe chote, kwa kuwa ndicho kinachoamua iwapo sharti litaisha mapema au litamngoja daktari akiwa na watoto shuleni.

Anayejitoa

Mwanafunzi anaweza kujitoa bila adhabu ya kifedha kabla ya tarehe rasmi ya kuthibitisha usajili katika mwaka wa pili wa shahada. Lakini akijitoa anakiacha kiti. Hahamishwi kwenda nafasi isiyo na sharti kwa kuwa tu ameomba. Matumaini ya kuingia kwa mlango wa sharti kisha kuponyoka ndani ya darasa yamewapotezea baadhi ya wanafunzi mwaka mzima.

Baada ya tarehe hiyo, kujitoa kuna gharama. Anayekiuka au kujiondoa baada ya kuhitimu hudaiwa kurejesha mchango ambao Serikali ilitoa kwa masomo yake, pamoja na riba. Fedha hizo ni tofauti na mkopo wa HECS-HELP: mkopo ni sehemu ya mwanafunzi, na deni hili ni sehemu ya Serikali, kwa hiyo anayevunja sharti hubeba zote mbili. Aidha, sheria ina kifungu kinachozuia malipo ya Medicare, yaani bima ya afya ya taifa, kwa huduma zinazotolewa na daktari aliyekiuka makubaliano yake. Kwa daktari anayetegemea kuona wagonjwa nje ya hospitali za umma, kizuizi hicho kinauma kuliko deni, kwa sababu mgonjwa hatarudishiwa sehemu ya gharama aliyoilipa na hivyo atakwenda kwa daktari mwingine.

Ieleweke pia kwamba tangu mwaka 2020 masharti haya yamo katika sheria na kanuni, si katika mkataba wa mtu mmoja mmoja kama ilivyokuwa zamani. Faida yake ni kwamba wote waliojiunga wana kanuni moja. Kwa upande mwingine, kinachowekwa na Bunge kinaweza kurekebishwa na Bunge. Historia ya miaka 20 iliyopita inaonyesha masharti yamebadilika zaidi ya mara moja, na hakuna anayeweza kumwahidi mwombaji kwamba yatabaki yalivyo.

Mpangilio wa machaguo unavyofanya kazi

Njia za maombi hutofautiana. Wahitimu wa sekondari hupitia vituo vya udahili vya majimbo, kama VTAC kwa Victoria, UAC kwa New South Wales na QTAC kwa Queensland, wakitumia alama za ATAR na mtihani wa UCAT. Wenye shahada ya kwanza huomba vyuo vingi kupitia mfumo wa pamoja wa GEMSAS, wakitumia mtihani wa GAMSAT. Mahali pengine nafasi yenye sharti na isiyo na sharti za chuo kimoja huorodheshwa kama machaguo mawili yenye namba zake. Mahali pengine fomu huuliza tu kama mwombaji yuko tayari kupokea yenye sharti.

Kanuni ya msingi ya vituo vya udahili ni moja: mwombaji hupewa chaguo la juu kabisa ambalo alama zake zinamstahilisha. Mfumo huanza juu ya orodha yake na kushuka. Akikosa la kwanza, hupimwa kwa la pili kana kwamba lilikuwa la kwanza. Chuo hakimpunguzii alama kwa kuwa kiliwekwa nafasi ya nne.

Kutokana na kanuni hiyo, kuweka nafasi isiyo na sharti juu hakumpunguzii mwombaji uwezekano wa kupata yenye sharti iliyo chini yake. Ushauri unaosikika mitaani kwamba "ukitanguliza yenye sharti utaonekana una nia" hauna msingi katika vituo hivi. Anayetanguliza yenye sharti ya chuo fulani juu ya isiyo na sharti ya chuo hichohicho, na alama zake zikatosha zote, atapewa yenye sharti, kisha ile nyingine itaondolewa mezani. Amejifunga miaka mitatu pasipo kupata chochote badala yake. Kwa chuo kilekile, basi, isiyo na sharti hukaa juu, na hapo hakuna cha kujadili sana, hata kwa kijana anayekusudia kwa moyo wote kurudi mkoani kwao. Daktari asiye na sharti hazuiwi na yeyote kwenda Mount Isa. Anaweza kwenda kwa hiari, na tangu mwaka 2022 upo mpango unaowapunguzia madaktari deni la mkopo wa masomo wanapofanya kazi katika maeneo ya vijijini na ya mbali yaliyoainishwa, wenye masharti yake yenyewe.

Tahadhari moja kuhusu awamu za udahili. Matokeo hutolewa kwa awamu kadhaa. Mwombaji aliyepokea chaguo la chini bado anaweza kupandishwa kwenda chaguo la juu katika awamu inayofuata nafasi ikipatikana, lakini hawezi kushushwa kwenda la chini baada ya kupewa la juu. Kwa sababu hiyo, kukubali nafasi yenye sharti katika awamu ya kwanza huku isiyo na sharti ikibaki juu yake katika orodha ni jambo la kawaida. Muda wa kubadili machaguo kati ya awamu ni mfupi, wakati mwingine siku chache tu, na anayepanga upya orodha yake kwa haraka katika siku hizo ndiye hufanya kosa.

Uamuzi mgumu

Ugumu unaanza pale chuo kinapokuwa tofauti. Je, nafasi yenye sharti katika chuo kilicho karibu na nyumbani iwekwe juu ya isiyo na sharti katika jimbo jingine?

Chukua mfano wa binti anayeishi na wazazi wake Toowoomba. Chuo chenye nafasi isiyo na sharti kiko Perth, umbali wa kuvuka bara zima, ambako hana ndugu. Chuo chenye nafasi yenye sharti kiko Queensland. Miaka sita ya kupanga chumba, nauli za ndege na kutokuwepo nyumbani wakati mama anahitaji mtu wa kumtafsiria hospitalini ni gharama halisi, inayoanza kulipwa mwaka ujao. Miaka mitatu ya utumishi inaweza kulipwa baadaye katika mji aliokulia, kwa kuwa Toowoomba yenyewe iko kundi la 2. Kwake yeye sharti ni jepesi mno kuliko linavyoonekana katika fomu. Familia iliyopo Shepparton au Mildura iko katika hali hiyohiyo. Wanaoishi nje ya kundi la 1 wanaulizwa kama wako tayari kufanya kazi mahali wanapoishi tayari.

Sasa geuza mfano. Kijana wa kitongoji cha magharibi mwa Melbourne ni mtoto wa kwanza, baba ana ugonjwa wa figo na husafishwa damu mara tatu kwa wiki, wadogo zake wanne wako shuleni. Anataka ubingwa wa upasuaji wa mishipa ya fahamu, fani ambayo mafunzo yake yamekusanyika katika hospitali chache za miji mikubwa. Kwake swali la kuangalia ni lini katika miaka hiyo 18 ataweza kuondoka. Huenda mafunzo yakachukua zaidi ya nusu ya muda huo, na eneo lenye upungufu wa fani yake likawa mbali na wazazi katika miaka yao ya uzee. Haina maana kwamba haiwezekani. Saa pungufu na zamu za kwenda na kurudi zimewekwa kwa ajili ya hali kama hizi. Lakini kwake nafasi isiyo na sharti ya jimbo jirani inaweza kustahili kukaa juu.

Wazazi wengi hufikiri uamuzi ni kati ya yenye sharti na isiyo na sharti. Kwa waombaji walio wengi uamuzi halisi ni kati ya yenye sharti na kutopata nafasi kabisa mwaka huo. Kuikataa yenye sharti ili kuomba tena mwaka ujao ni kuacha kilichopo kwa kisichojulikana. Matokeo ya UCAT hutumika kwa udahili wa mwaka unaofuata tu, hivyo mtihani utarudiwa na alama zinaweza kushuka. Mwaka uliopotea ni mwaka mmoja wa kazi ya udaktari usiopatikana tena. Mtu anayeona miaka mitatu iliyosambazwa katika miaka 18 kuwa mzigo, aupime pia mwaka mmoja wa kusubiri pasipo uhakika, au miwili.

Ipo imani kwamba nafasi zenye sharti huingiwa kwa alama za chini. Kwa kuwa baadhi ya waombaji huziacha, alama ya mtu wa mwisho kuingia inaweza kuwa chini kidogo katika mwaka fulani na chuo fulani. Katika mwaka mwingine tofauti hiyo haionekani. Kupanga machaguo kwa kukisia alama ya mwisho ni bahati nasibu, na kanuni iliyoelezwa juu inafanya kukisia huko kusiwe na haja.

Kabla ya kufika kwenye swali la sharti, mwombaji aliyekulia mkoani aangalie kwanza njia ya udahili ya wenye asili ya vijijini. Vyuo hutenga sehemu ya viti kwa waombaji walioishi katika makundi ya 2 hadi 7 kwa miaka 10 kwa jumla au mitano mfululizo tangu kuanza shule ya msingi. Kijana aliyefika Shepparton akiwa darasa la pili na kumaliza sekondari hapo anatimiza kigezo hicho, na anaweza kupata nafasi isiyo na sharti kwa njia hii. Inahitaji ushahidi wa makazi, mara nyingi barua za shule, na kwa familia zilizohama nyumba mara nyingi, kukusanya barua hizo huchukua wiki kadhaa. Vijana wenye haki hii wamewahi kuikosa kwa karatasi tu.

Vyuo vyenyewe navyo vimesogea. Chuo Kikuu cha James Cook cha Townsville kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 2000 kwa lengo la kuhudumia maeneo ya vijijini na ya kitropiki. Mwaka 2018 Serikali ya Shirikisho ilitangaza mtandao wa vyuo vya udaktari wa bonde la Murray–Darling, unaowawezesha wanafunzi kusoma wakiwa Shepparton, Bendigo, Mildura, Wagga Wagga, Dubbo na Orange. Anayesoma miaka yote mkoani hukutana na waajiri, walimu na majirani wa huko, na sharti linapoanza kuhesabiwa anakuwa si mgeni.

Kwa nini Serikali inadai utumishi

Watu wapatao milioni 7, karibu asilimia 28 ya wakazi wa Australia, wanaishi vijijini na maeneo ya mbali, na kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo madaktari wanavyopungua ikilinganishwa na idadi ya watu. Australia haiko peke yake. Thailand imekuwa ikiwataka wahitimu wake wa udaktari kuitumikia Serikali kwa miaka mitatu. Japan ilianzisha Chuo cha Udaktari cha Jichi mwaka 1972, ambacho wanafunzi wake husamehewa ada wakitumikia mkoa wao kwa takriban miaka tisa. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2010 iliyohuishwa mwaka 2021, limeitaja njia hii miongoni mwa nyingine, likiweka mkazo katika kudahili wanafunzi waliotoka vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye mwelekeo mkubwa zaidi wa kurudi na kubaki.

Kwa kulinganisha, daktari aliyesoma Dar es Salaam, Nairobi au Kinshasa na kuhamia Australia kwa kawaida hufungwa na kifungu kingine cha sheria hiyohiyo, kinachomtaka afanye kazi katika maeneo yenye upungufu kwa miaka 10 ili wagonjwa wake walipiwe na Medicare. Mwanafunzi wa kimataifa anayehitimu Australia naye huguswa na kifungu hicho. Miongoni mwa madaktari wahamiaji, miaka mitatu ya mpango wa ndani huonekana kuwa mifupi.

Baada ya kupokea nafasi

Aliyepewa nafasi yenye sharti na kuikubali hutakiwa kujisajili katika mfumo wa mtandaoni wa BRoSS wa Wizara ya Afya ya Shirikisho, na kutoa humo ridhaa yake ya kujiunga na mpango. Chuo huhitaji uthibitisho wa ridhaa hiyo ili mwanafunzi akikalie kiti. Baada ya hapo mshiriki huwajibika kuweka taarifa zake sawa, ikiwa ni pamoja na anwani, kuhitimu na mabadiliko ya masomo, na anapoanza kazi huingiza humohumo vipindi vya utumishi wake ili vihakikiwe na kupunguzwa katika wiki 156. Kipindi ambacho hakijaingizwa hakihesabiwi chenyewe. Kwa sababu hiyo mikataba ya kazi na hati za malipo za kila kituo zihifadhiwe, hata za ajira ya wiki chache.

Walio chini ya umri wa miaka 18 wakati wa kupokea nafasi washirikishe mzazi au mlezi kabla ya kuthibitisha, na taarifa za masharti zisomwe kwa lugha ambayo wote nyumbani wanaielewa. Huduma ya ukalimani ya Serikali ya Australia, inayopatikana kwa simu namba 131 450, inatoa wakalimani wa Kiswahili.